Mbugani si harusini

Jamani, mtu akishachangia nauli ya Costa ndiyo kanunua na masikio yetu? Juzi tumetoka Bagamoyo alfajiri kwenda Saadani, hapo hapo jirani, hifadhi ambayo nyika yake inashuka mpaka Bahari ya Hindi. Hatujafika hata getini, kaka mmoja kashafungulia singeli kwenye spika yake. Tukakuta twiga wanne wanajilia majani ya migunga kwa raha zao. "Oyaaa, geukeni tupige picha!" Wakageuka kweli, wakatuachia makalio wakaenda zao.

Mwingine kila dakika tano: "Simba yuko wapi? Mimi nimelipia simba." Simba halipiwi, shangazi! Saa sita ile, jua la utosi, simba gani mwenye akili zake atatoka kivulini? Mto Wami tumekuta viboko tele, na mamba kaachama ukingoni, shangazi yeye anamenya karanga na kununa. (Maganda kayatupa wapi, tusiulizane.)

Dereva kaomba ukimya mara tatu. Mara ya nne kawasha redio yake mwenyewe.