Nguzo ya uzio haijui kama leo ni majaribio

Kila gari jipya la rali linapoanza kufanyiwa majaribio, haipiti muda kabla video ya ajali haijasambaa. Kuna mtu alijibanza nyuma ya mti na simu yake, gari likaja, likabiringika, na kufikia jioni watu wameshatoa hukumu: gari bovu, halifai, mafundi wamekosea. Mimi video hizo hazinitishi sana. Gari jipya lisipokosea kwenye majaribio litakosea siku ya mashindano, na heri likosee mapema. Kinachoniuma ni kwamba macho yote huwa kwenye gari, na barabara lililokuwa linapita haijadiliwi na mtu.

Tuchukue magari ya Rally1, daraja la juu kabisa la rali za dunia, yaliyoanza kushindana 2022. Desemba 2021, wiki chache tu kabla ya msimu, dereva Thierry Neuville na msoma ramani wake Martijn Wydaeghe walitoka barabarani wakiwa majaribioni kusini mwa Ufaransa, Hyundai yao ikaporomokea korongoni. Wakanusurika. Mwezi uliofuata, safari hii kwenye mashindano yenyewe ya Monte Carlo, Adrien Fourmaux na Alexandre Coria waliipindua Ford Puma mpya kutoka juu ya genge. Ukiitazama ajali ile huamini kuna mtu atatoka. Walitoka wote wawili kwa miguu yao.

Hapo sifa ziende kwa kizimba, fremu ya mabomba ya chuma inayowazunguka walio ndani ya gari. Zamani walichukua bodi ya gari la kawaida, wakachomelea mabomba ya chuma ndani yake. Rally1 ikageuza mpango: kwanza kinajengwa kizimba, kisha bodi inavalishwa juu yake. Kabla ya hapo pia kazi kubwa ilishafanyika. Mwaka 2005, huko Wales, Peugeot ya Markko Märtin iligonga mti upande wa abiria na msoma ramani wake Michael Park akafariki. Miaka iliyofuata milango ikajazwa sponji nene ya kumeza kishindo, na viti vikasogezwa ndani zaidi.

Ila kizimba kina matundu, na lazima kiwe nayo. Dereva anahitaji kuona, anahitaji kuingia na kutoka. Mti mnene utazuiwa na mabomba, jiwe litazuiwa, lakini kitu chembamba na kirefu hupenya. Februari 2011, kwenye rali ndogo nchini Italia, ukingo wa chuma wa barabara ulipenya ndani ya Skoda ya dereva Robert Kubica na kumjeruhi vibaya mkono wa kulia. Aliishi, lakini mkono haukurudi kama zamani. Tarehe 13 Aprili 2023, dereva Craig Breen alikuwa Kroatia kwenye majaribio, akijiandaa kwa rali ya wiki iliyofuata. Gari liliteleza likatoka nje ya barabara, na nguzo ya uzio wa mbao ikaingia kupitia dirisha la upande wake, ikamuua. Alikuwa na miaka 33. James Fulton, aliyekaa kiti cha pili, hakuumia.

Lile halikuwa gari bovu, lilikuwa la kizazi kilekile kilichomtoa Fourmaux mzima.

Siku ya majaribio inavyokwenda, timu huomba kipande kifupi cha barabara na kukifunga. Dereva anakwenda mpaka mwisho, anageuza, anarudi kwenye hema, mafundi wanakaza shokapu kidogo au kubadilisha springi, anakwenda tena. Hivyo hivyo kutwa nzima. Baada ya kurudia mara kadhaa kona zote ameshazikariri, na mtu aliyekariri kona huongeza kasi. Lazima aongeze, kwa sababu injinia hapati jibu lolote kutoka kwa gari linaloendeshwa taratibu. Kwa hiyo kasi ni ya mashindano. Ulinzi ndio haufanani. Kwenye rali za dunia kila hatua, yaani kipande cha barabara kinachoshindaniwa, ina wasimamizi njia nzima, gari la uokoaji lenye daktari, helikopta ya matibabu, na magari ya kukagua usalama yanayopita kabla ya dereva wa kwanza. Kwenye majaribio mpangaji ni timu yenyewe. Nyingine hujipanga vizuri, sikatai. Lakini anayetaka muda zaidi barabarani ndiye huyohuyo anayeamua kama barabara inafaa, na mimi sioni mantiki ya mpango huo.

Teknolojia mpya nayo huongeza mambo. Rally1 za mwanzo zilikuwa na mfumo wa umeme wenye nguvu kubwa, wakaziwekea taa za kuonyesha kama ni salama kuligusa gari: kijani gusa, nyekundu kaa mbali. Msimamizi wa rali alifundishwa hayo. Mkulima anayekimbia kutoka shambani kuwaokoa watu kwenye gari la majaribio, nani alimfundisha? Mfumo ule uliondolewa kuanzia 2025, kwa hiyo hoja hii imepungua uzito, ingawa swali la nani anafika wa kwanza kwenye ajali liko palepale.

Sasa kanuni mpya za 2027 ziko mlangoni. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, imeweka ukomo wa bei ya gari, euro 345,000, na imewafungulia njia watengenezaji wasio kampuni kubwa za magari. Naufurahia uamuzi huo, mchezo ulikuwa umebaki na timu chache mno. Maana yake, hata hivyo, ni magari mapya zaidi kwenye barabara za majaribio, mengine mikononi mwa watu ambao bajeti yao inahesabiwa kwa senti. Kila siku ya majaribio inastahili mkaguzi asiyelipwa na timu, aipitie barabara kwa miguu asubuhi akiwa na mamlaka ya kusema nguzo hii ing'olewe au ifungwe marobota ya nyasi, na kona ile isitumike. Anayedai gharama itakuwa kubwa alinganishe na bei ya kizimba kimoja.