Mpakani mwa Meksiko, tuanze na ardhi kabla ya nyumba

Februari 2025 Meksiko ilibadilisha sheria ya Infonavit, mfuko wa nyumba za wafanyakazi ulioundwa mwaka 1972, ili mfuko huo uweze kuwa na kampuni yake ya ujenzi badala ya kukopesha tu. Serikali ya Rais Claudia Sheinbaum iliahidi nyumba zisizopungua milioni 1 katika muhula wake. Kwa miji ya viwanda iliyojipanga kwenye mpaka na Marekani, kuanzia Tijuana hadi Matamoros, ahadi hiyo inachokonoa ubishi wa siku nyingi. Kuna wanaosema mfanyakazi ajengewe nyumba kamili yenye hati, maji na umeme. Kuna wanaosema aachwe ajenge mwenyewe, kwani ndivyo alivyofanya kwa miaka sitini, na kazi ya serikali iwe kumshika mkono tu. Pande zote mbili zina hoja nzito. Tatizo langu ni kwamba zote zinabishana juu ya nyumba, wakati kinachomuumiza mfanyakazi wa mpakani kiko chini ya nyumba na kati ya nyumba na kazi.

Miji hii haikukua kwa bahati mbaya. Mwaka 1961 serikali ilianzisha programu ya taifa ya mpakani, PRONAF, na msanifu Mario Pani akachora mipango ya miji kadhaa. Nia ilikuwa kuufanya mpaka uwe sebule ya taifa, mahali Mmarekani anapokaribishwa. Ciudad Juárez ikapata jumba la makumbusho la Pedro Ramírez Vázquez mwaka 1964. Mwishoni mwa mwaka huohuo Marekani ikafunga mpango wa vibarua uliokuwa ukipeleka Wameksiko mashambani kwake tangu 1942, na mpaka ukajaa wanaume wasio na kazi. Mwaka uliofuata ukaja mpango wa viwanda: vipuri vinaingia kutoka Marekani bila ushuru, vinaunganishwa, vinarudi. Viwanda hivyo vikaitwa makiladora. Neno hilo asili yake ni kwenye kinu cha kusaga, lilikuwa fungu la unga ambalo msagaji alibaki nalo kama ujira wa kusaga nafaka ya mtu mwingine. Tijuana, ambayo mwaka 1960 haikufikisha watu 200,000, ilihesabiwa watu milioni 1.9 mwaka 2020. Juárez ilikuwa na milioni 1.5.

Nenda kwenye bustani ya viwanda ya mji wowote kati ya hii utaona mipango miji inayofanya kazi. Ardhi imesawazishwa. Barabara ni pana kiasi cha trela kugeuza bila kurudi nyuma mara mbili. Mitaro ipo, taa zipo, umeme haukatiki ovyo, na lango la kuvukia mpaka haliko mbali. Kwa hiyo anayesema miji hii haiwezi kupangwa hasemi kweli. Imepangwa vizuri sana, kwa ajili ya trela.

Sasa tuwape haki yao watetezi wa nyumba kamili. Mwajiri wa Meksiko huchangia Infonavit asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi. Maana yake ni kwamba binti aliyetoka Durango au Veracruz, asiye na shamba wala ng'ombe wa kuweka rehani, anakopesheka kwa sababu tu ana hati ya mshahara. Anapewa nyumba ya tofali za saruji, choo cha ndani, mita ya umeme na hati yenye jina lake. Gari la zimamoto linafika. Maji machafu yana bomba la kupita. Aliyewahi kulala chini ya paa la makatoni na mbao za paleti hawezi kuyadharau haya, na mimi siyadharau.

Lakini mfumo ule ulikuwa na kasoro iliyokaa kwenye mahesabu yake. Kampuni za ujenzi zilipata faida kwa kununua ardhi rahisi, na ardhi rahisi iko mbali. Mkopo ulipopitishwa na ufunguo kukabidhiwa, kampuni ilishalipwa. Umbali ukabaki kuwa mzigo wa mwenye nyumba. Sensa ya 2010 ilikuta karibu nyumba milioni 5 nchini Meksiko hazina watu, na Juárez ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi. Mwaka 2013 kampuni kubwa za mtindo huo, Geo, Homex na Urbi, zilizidiwa na madeni.

Watetezi hujibu kwamba Juárez ilihamwa kwa sababu ya bunduki na mdororo wa uchumi wa 2008 na 2009, si kwa sababu ya ramani. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 2010 peke yake mji huo ulipoteza zaidi ya watu 3,000 kwa mauaji. Hata hivyo tazama nyumba hizo zilivyojengwa: zimeunganishwa kwa safu, kila moja inagawana ukuta na jirani wa kushoto na wa kulia, na uwanja hautoshi hata kuongeza chumba cha mama mkwe. Moja ikihamwa, milango na madirisha yanang'olewa, nyaya zinafuata, kisha wanaingia watu usiowajua, na wewe uliyebaki unawasikia kupitia ukuta wako mwenyewe. Hapo hata aliyekuwa hataki kuondoka anaanza kufungasha. Bunduki ndizo zilizoanza kuwahamisha watu, lakini ramani ile iliufanya uhamaji uambukizane kutoka mlango hadi mlango.

Halafu kuna saa. Zamu ya asubuhi inapoanza saa kumi na mbili, aliye pembezoni huamka usiku wa manane. Viwanda hukodi mabasi ya wafanyakazi, mengi yakiwa mabasi chakavu ya shule kutoka Marekani, na basi haliingii kwenye vichochoro vya vumbi. Mtu anatembea gizani hadi barabara kubwa, akipita viwanja vitupu.

Oktoba 2001, mfanyakazi wa kike wa miaka 20 alifika kwenye makiladora yake Juárez akiwa amechelewa dakika mbili. Hakuruhusiwa kuingia. Hakuonekana tena akiwa hai. Mwezi uliofuata mwili wake ulipatikana pamoja na ya wanawake wengine saba katika shamba la pamba lililozungukwa na mji, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika iliitia hatiani Meksiko kwa kushindwa kuwalinda watatu kati ya wanawake hao na kuchunguza vifo vyao. Waliomuua ni wauaji, na dola ndiyo iliyozembea. Sitaki kupunguza hatia ya yeyote kwa kuzungumzia taa za barabarani. Ila mimi siwezi kusoma maelezo ya kesi ile bila kuuona mji: dakika mbili, lango lililofungwa, njia ndefu ya kurudi, na kiwanja kitupu ambacho hakuna dirisha linalokitazama. Mambo hayo yamo ndani ya kazi ya mpangaji miji.

Upande wa pili wa ubishi unapatikana milimani Tijuana. Huko nyumba huanza na matairi. Fundi huchimba ngazi kwenye mteremko, hulaza safu ya matairi, huyajaza udongo na kuushindilia hadi yawe mazito kama jiwe, kisha safu ya pili huisogeza ndani kidogo ili ukuta wote uegemee kilima. Juu ya ukuta huo hupatikana uwanda wa kutosha chumba. Milango ya gereji iliyotupwa California huwa kuta. Miaka ikipita huja tofali, halafu zege, na juu ya paa nondo huachwa zimechomoza zikingoja ghorofa ya pili. Wameksiko huziita nondo za matumaini. Nyumba ya namna hii hukua na familia na kusimama pesa inapokata, na mara nyingi iko karibu na kazi kuliko ile ya mkopo, kwa sababu aliyeichagua sehemu ni mwenyewe.

Wasanifu wengi wameupenda ustadi huu, na picha za kuta za matairi zimezunguka katika maonyesho ya nchi za mbali. Wakosoaji wanasema huko ni kuremba umaskini, nami niko pamoja nao zaidi kuliko wanavyodhani. Anayenunua maji kwenye lori hulipa zaidi kwa lita kuliko mwenye bomba. Ukuta wa matairi usio na mfereji nyuma yake hulimbikiza maji ya mvua mpaka unavimba tumbo, kisha unakwenda na chumba kilicho juu. Mtu aliyejenga hivyo hakuwa akitafuta uhuru wa ubunifu. Alinyimwa kiwanja, akatumia akili aliyonayo.

Baadhi ya wasanifu wamejaribu kupita katikati. Msanifu Teddy Cruz na mwanazuoni wa siasa Fonna Forman, wanaofanya kazi pande zote mbili kati ya San Diego na Tijuana, wamependekeza viunzi vya chuma vinavyotengenezwa na viwanda vya hapohapo, ili vishikilie vifaa chakavu ambavyo watu tayari wanajengea. Nalipenda wazo hilo kwa sababu linakidai kiwanda kirudishe kitu kilimani. Baada ya kimbunga kilichoua watu Ciudad Acuña Mei 2015, Tatiana Bilbao alijenga huko nyumba yenye kiini kigumu cha tofali ambacho vyumba vinaweza kuongezwa kadiri pesa inavyopatikana. Alejandro Aravena na wenzake wa Elemental, kampuni ya usanifu ya Chile, walijenga nyumba 70 karibu na Monterrey mwaka 2010 kwa kanuni ya nusu nyumba: jiko, bafu, ngazi na paa vinajengwa na mradi, nusu nyingine ni juu ya familia.

Watu husifu nusu ile ya nyumba na kusahau jambo lililokuja kabla yake. Katika mradi wao wa 2004 huko Iquique, Chile, Elemental walikataa kuzihamisha familia karibu 100 kutoka katikati ya mji, ingawa kiwanja kiligharimu mara tatu ya bei ambayo nyumba za umma huweza kumudu. Walitoa pesa kwenye ardhi, ndipo nyumba ikabidi iwe nusu. Huo ndio mpangilio wa matumizi ninaoutetea kwa miji ya mpakani. Kwanza kiwanja kilicho karibu na zamu. Kisha ukuta wa kushika mteremko pamoja na mfereji wake, bomba la maji, ngazi za zege, taa, na kituo cha basi chenye watu na duka, si nguzo iliyosimama jangwani. Nyumba ifuate, ya mkopo au ya mkono wa mwenyewe. Chumba cha pili mtu anaweza kukijenga Jumapili na shemeji yake, lakini hakuna familia inayoweza kujenga mtaro wa mtaa mzima.

Pingamizi kubwa ni kwamba ukipeleka huduma kwenye ardhi iliyovamiwa unawazawadia matapeli waliouza viwanja visivyo vyao, na bei inapanda hadi wapangaji wanafukuzwa. Linanitatiza, na sina jibu linaloliponya lote. Sehemu yake inaponywa kwa kuwahi. Kiwanda hakiibuki usiku: kina maombi, ramani na idadi ya wafanyakazi. Siku kibali kinaposainiwa, halmashauri inajua watu wangapi wanakuja, na ingeweza kupima viwanja kabla hawajafika. Ibara ya 115 ya katiba ya Meksiko inaipa mamlaka ya kugawa matumizi ya ardhi na kutoza kodi ya majengo. Lakini kodi ya mapato ya kiwanda huenda serikali kuu, na kodi ya majengo haitoshi. Mji unabaki na watu, faida inakwenda kwingine. Ndiyo maana naona kibali cha kiwanda kifungamanishwe na viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma, kwa gharama ya mwekezaji, kwa idadi anayoiajiri.

Mtasema atahama. Mwaka 2001 na miaka iliyofuata viwanda kadhaa vya Juárez vilikwenda China, na hofu hiyo bado inatawala kila kikao cha halmashauri. Lakini hali imegeuka. Tangu mkataba mpya wa biashara wa Amerika Kaskazini uanze Julai 2020, kampuni zimekuwa zikirudi mpakani kwa sababu ya ukaribu wenyewe, na ukaribu huo China haina. Mwenye kitu kinachotafutwa ana nafasi ya kuweka masharti.

Pesa nyingine tayari zinatumika, ila chini ya mlima. Mwaka 1974 wataalamu wa mipango miji Kevin Lynch na Donald Appleyard, walipoombwa kuitazama San Diego, waliandika kwamba mji huo na Tijuana ni eneo moja la bonde moja. Bonde la Los Laureles linaonyesha hilo kila msimu wa mvua. Ni makazi ya makumi ya maelfu ya watu upande wa Tijuana, na mvua ikinyesha udongo, taka na matairi ya kuta zilizobomoka hushuka, hupita mpakani na kumwagika kwenye hifadhi ya mlango wa mto upande wa California. Wamarekani wamechimba mabwawa ya kunasa tope hilo. Baada ya kila msimu wa mvua matingatinga huingia, huchota, na malori huondoka na udongo ambao siku chache kabla ulikuwa umeshikilia nyumba ya mtu.