Kitabu Kilichofika Dodoma na Harufu ya Ng'onda

Nimesomea lishe pale SUA, Morogoro. Kazi niliyoambulia ni kukatisha risiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Tabata, ambako unga pekee niliokuwa naushughulikia ni wa saruji.

Nikajifungua. Sheria yetu inampa mama siku 84 za likizo, ukijaliwa pacha unapata 100, na baba anapewa 3. Mume wangu za kwake alizitumia vizuri sana: ya kwanza alitutoa hospitali, ya pili alipokea pongezi, ya tatu alilala kwa uchovu wa kupokea pongezi. Zangu ziliisha sambamba na mkataba. Bosi akanitakia malezi mema.

Nikakaa nikapiga hesabu. Elimu ninayo, simu ninayo, na mtoto ninaye ambaye usiku kwake ni mchana, kwa hiyo muda wa kuandika haukuwa tatizo. Nikaandika kitabu cha chakula cha mtoto kuanzia miezi 6, cha kusomea kwenye simu, nikikichapa kwa dole gumba moja huku mkono mwingine umeshika mtoto ziwani. Jalada likawa na bakuli la uji na mtoto wa Kizungu anayecheka. (Nilitafuta picha ya bure ya mtoto wetu akila uji, nikapata za watoto wetu wanaolia tu.) Bei shilingi 5,000. Hakuna fremu, hakuna kodi ya pango, hakuna mzigo wa kufuata Kariakoo. Unalipa kwa simu, nakutumia kwenye WhatsApp, tumemalizana.

Tumemalizana! Nani kakwambia? Mteja wa kwanza aliuliza duka liko mtaa gani. Wa pili akataka bei ya mwisho. Mwingine akaomba nimuuzie nusu kitabu, kwa sababu mwanawe kashavuka mwaka. Halafu kuna yule aliyelipa kabisa, akaja kuuliza kama kipo cha rangi ya pinki, maana wake ni wa kike.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwangu. Dada wa kazi alienda msibani akazima simu, si unajua tena misiba ya wadada wa kazi, basi mama akapanda basi kutoka Kibaigwa kuja kuniokoa na kuku wawili na kiroba cha ulezi. Biashara yangu aliitazama kwa jicho la pembeni.

"Kwa hiyo hicho kitabu hakishikiki?"

"Hakishikiki, mama. Kinakaa kwenye simu."

"Na mtu anatoa elfu tano yake?"

"Anatoa."

Akanyamaza, akageuza ulezi kwenye ungo. "Na polisi wanajua?"

Nikamweleza taratibu, nikamwambia hata mtu akipiga simu nimelala, yeye amjibu tu kwamba kitabu kimeshatumwa. Sentensi moja. Akasema hilo tu, mbona dogo.

Sasa kuna mteja mmoja wa Dodoma, tumwite Mama Neema kwa sababu ndivyo alivyojiita. Alilipa vizuri, hakuomba punguzo, nikampenda bure. Nikamtumia faili. Faili likitua WhatsApp linaonyesha ukurasa wa mbele kwa udogo, ili ulifungue lazima uliguse. Mama Neema hakuligusa. Aliona bakuli, akaona mtoto anacheka, akajua ni picha ya bidhaa. Akajibu: "Kimependeza sana dada, nakisubiri kwa hamu." Nami nikaona mteja mwenye adabu zake, nikamwandikia "Karibu sana mpendwa", nikaendelea kubadilisha nepi.

Jioni akapiga. Nilikuwa nimelala ule usingizi wa mama mchanga, usingizi ambao hata nyumba ikiungua unaomba wazime kimyakimya. Mama mkwe akapokea. Haya yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye, bila chembe ya majuto.

"Shikamoo mama. Nauliza kile kitabu changu."

"Marahaba mwanangu. Kimeshatumwa."

"Ooh, asante. Kwa gari gani?"

Ingekuwa mimi, hapo ningeshtuka. Mama mkwe wangu kwao hakuna swali linalokosa jibu. Kumwambia mtu "sijui" ni sawa na kumwonyesha sufuria tupu. Na Dar hadi Dodoma basi analolijua ni moja, lile alilojia.

"Lile jekundu la saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Lina kondakta mwenye pengo."

"Nalijua hilo!" akasema Mama Neema kwa furaha.

Unaona mambo? Kama basi lile lisingekuwepo, au kondakta angekuwa na meno yote, mkasa ungeishia pale.

Kesho yake Mama Neema akaenda stendi ya Nanenane kusubiri. Basi likaingia mchana, ikashushwa mizigo, na kwenye mizigo kukawa na boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya manila, limeandikwa kwa maka peni nyeusi: MAMA NEEMA – DODOMA. Chini yake palikuwa na namba ya simu, ila nusu yake ilikuwa imelowa mafuta ikafutika. Wa ofisi ya mizigo akamuuliza, wewe Mama Neema? Ndiyo. Mzigo unatoka Dar? Ndiyo. Nani katuma? Akatoa jina langu na namba yangu, vikaandikwa kwenye daftari, akasaini, akabebewa boksi hadi kwenye bajaji.

Dodoma nzima ina akina Mama Neema wangapi? Na wawili kati yao wanasubiri mzigo kwenye basi moja!

Saa kumi na moja nikapata ujumbe wa sauti. "Dada, mzigo nimeupokea, Mungu akubariki. Mimi nilijua kitabu kitupu, kumbe mnaweka na vyakula vyenyewe! Kwa elfu tano tu! Nimeona nazi sita na ng'onda zimejaa tele. Kitabu chenyewe bado sijakiona, nadhani kiko chini. Nilikuwa nauliza, hizi ng'onda nazisaga nachanganya kwenye uji wa mtoto, au nazichemsha kwanza?"

Nilisikiliza mara ya kwanza nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa, wanasema uzazi una mambo. Mara ya pili nikaruka kitandani. Mtoto wake ana miezi saba, na ng'onda ni samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Mtoto hajafika mwaka haongezewi chumvi, figo zake bado changa. Nikampigia huku napiga kelele: "Usimpe! Usimpe ng'onda! Imeandikwa kwenye kitabu, ukurasa wa tisa!"

"Kitabu kipi sasa dada, mbona nimefika mwisho wa boksi na hakuna kitabu?"

Kabla sijamaliza kumwelekeza aguse ile picha, ikaingia simu nyingine. Sauti ya mama wa Feri, pale wanaponadi samaki kwa kupigiana kelele tangu alfajiri. Mama Neema wa pili ni dada yake.

"Wewe ndiye tapeli unayeuza vitabu vya ng'onda?"

Nikajaribu kueleza kuhusu faili. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana tapeli. Wewe jaribu kumwambia mtu aliyeibiwa samaki kwamba unauza kitu kisichoonekana. Mama mkwe akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, huyu si mwizi, huyu ni msomi. Kitabu chake hata mimi sijawahi kukiona."

Asante, mama.

Ikabidi tusuluhishe. Mama Neema wa kwanza akakubali kurudisha boksi, isipokuwa nazi moja alishaikuna na ng'onda kadhaa zilishaingia kwenye chungu, baba watoto alikuwa anakula tukiongea, nilimsikia akisifia. Nikalipia ng'onda zilizoliwa, nikalipia nazi, nikalipia bajaji ya kurudisha boksi stendi. Kwa kitabu cha 5,000 nilitoa mfukoni 23,000. Mume wangu aliporudi nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza kama kuna uwezekano yule mama wa Feri atuuzie na sisi.

Mama mkwe yeye aliona biashara hatimaye imekaa sawa. "Si unaona? Wanapenda kitu cha kushika. Weka na ulezi kidogo humo."

Nikabadilisha tangazo. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: KITABU HIKI KINASOMWA KWENYE SIMU. HAKITUMWI KWA BASI.

Haikupita muda, ujumbe ukaingia kutoka Morogoro: "Habari dada. Nimeona kwa basi hamtumi. Kwa SGR je?"