Insha ya Safari Isiishie Mezani kwa Mwalimu

Insha nyingi za safari zinazoandikwa katika shule zetu za sekondari hufanana mno: wanafunzi waliamka alfajiri, wakapanda basi, wakaona mandhari ya kuvutia, wakarejea wamechoka lakini wamefurahi. Siamini kwamba kasoro hiyo inatokana na uvivu, kwani msomaji pekee wa insha hizo ni mwalimu, naye hatasafiri kwa kuzitegemea. Kwa hiyo natetea kwa dhati uandishi wa safari ufundishwe kwa njia ya mradi, na zao la mradi liwe tovuti ambayo msafiri ataitumia.

Chukua mfano wa Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale katika pwani ya kusini ya Tanzania, kilichoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Kundi la kidato cha tatu lililopewa kazi ya kumwongoza mgeni kutoka Kilwa Masoko, mji ulio bara ng'ambo ya kisiwa, litalazimika kujua kibali hupatikana wapi, nauli ya mashua ni kiasi gani, abiria hushukaje maji yakipwa, na njia ipi humtoa mtu kwenye ngome iitwayo Gereza ikamfikisha Msikiti Mkuu, kisha Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani. Hapo maneno "mandhari ya kuvutia" hayamsaidii mtu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, na wanahistoria wangali wanamrejea kwa kuwa alieleza nyumba zilivyojengwa na jinsi sultani alivyokuwa mkarimu kwa wageni.

Kuhusu zana, Google Sites, huduma ya kutengenezea tovuti, haina malipo na ramani za OpenStreetMap zinatosha. Ninachohofia ni walimu kuanzia kwenye kompyuta, vipindi vikaisha kwa kuchagua rangi za kurasa. Daftari na mazungumzo na manahodha vitangulie. Picha ziwe chache na zipunguzwe ukubwa, kwa maana msomaji hulipia bando, na anayepigwa picha aombwe ridhaa kwanza.

Alama nazo zisitolewe zote siku ukurasa unapowekwa hewani. Ningebakiza nusu hadi kundi jingine lifuate maelezo hayo, simu mkononi, bila kumuuliza mtu njia, kisha liwaeleze waandishi lilikwama wapi. Marekebisho yanaweza kufanywa jioni ileile, na hayo ndiyo ningeyasahihisha kwa makini zaidi.