Kati ya mbegu na plau, kipi kiliinua pamba ya Usukumani?

Wanaosimulia jinsi pamba ilivyoibadili Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950 na 1960 huzipa sifa plau na ushirika, na hoja yao ina uzito. Ng'ombe wa kukokota plau walilima ekari ambazo jembe la mkono lisingezifikia, familia zilihamia Geita kufyeka mapori, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, lilishika ununuzi uliokuwa mikononi mwa wafanyabiashara waliolalamikiwa kwa kuchezea mizani. Kilichoongezeka, wanasema, ni ukubwa wa mashamba tu.

Sibishani na hayo, ila nauliza ekari hizo zilipandwa nini. Chawajani, mdudu mdogo anayeshambulia pamba, hufyonza utomvu mpaka kingo za jani zijikunje na kuwa nyekundu, kisha mmea mzima ukadumaa. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru, kule Misungwi, walimkabili mdudu huyo bila dawa: msimu hadi msimu waliteua mimea yenye majani ya vinyweleo vingi, ambavyo humnyima chawajani nafasi ya kufyonza na kutaga mayai, wakaendelea kutafuta ukinzani dhidi ya ugonjwa wa bakteria. Ndiyo asili ya aina za pamba za UK, yaani za Ukiriguru, ikiwemo UK91 iliyojulikana na wakulima wengi. Ni kweli kwamba vinyweleo havimzuii funza wa vitumba, na dhidi ya funza huyo mkulima bado anahitaji bomba la dawa.

Hata hivyo, plau ilimfaa kwanza mwenye ng'ombe, na kila ekari iliyoongezwa iliwaongezea wanawake na watoto palizi na uchumaji. Mbegu haikubagua. Mjane mwenye jembe na kipande cha shamba alipata kinga ileile aliyoipata mwenye zizi kubwa, bila mkopo na bila kufundishwa jambo jipya, kwa sababu kinga ilikuwa ndani ya mbegu aliyopewa.

Mbegu hiyo hutoka kwenye vinu vya kuchambulia pamba na kurudi shambani, hivyo usafi wake hutegemea pamba ya eneo moja isichanganywe na ya jingine. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, wanunuzi hao walianza kusomba pamba kutoka wilaya hadi wilaya, na aina zilizotenganishwa kwa uangalifu zikachanganyikana vinuni. Anayepima kwa ekari peke yake hauoni upotevu huo, kwa kuwa shamba lilibaki na ukubwa uleule.