Utando wa siki ya mabibo: tusikimbilie kuumwaga

Wanaosindika mabibo, yaani matunda ya mkorosho, huko Mtwara na Lindi hupewa shauri hili mara kwa mara: ukiona utando juu ya siki, uondoe, osha chombo kwa dawa, anza upya. Nia ya shauri hilo ni njema, na kwa sehemu lina ukweli. Tatizo ni kwamba limeutia utando wa siki, ambao hufumwa na bakteria walewale wanaogeuza kileo kuwa siki, kapu moja na ukungu, na matokeo yake linamwagisha mtambo pekee ambao mama wa Newala au Nachingwea anao bila kuununua.

Wanaotaka utando utoke wana hoja zisizopuuzika. Bakteria waharibifu nao hujenga utando. Listeria na Salmonella hujishikiza kwenye mikwaruzo ya plastiki na maungio ya chuma, hujifunika ute, na dawa ambayo ingewaua wakielea mmojammoja huwafikia humo kwa shida. Afisa afya anayelijua hilo, akikuta kitu cheupe chenye utelezi juu ya ndoo, ana haki ya kushtuka. Mnunuzi naye anataka chupa angavu. Wenye viwanda wana lao pia: Komagataeibacter xylinus, bakteria hodari wa kufuma utando mnene, huziba mabomba na machujio, na kileo kikiisha huweza kuigeukia asidi yenyewe na kuila mpaka ikawa maji na hewa ya ukaa. Siki iliyosahauliwa kwa miezi hupoteza ukali namna hiyo. Yote hayo ni kweli.

Sasa tuushike utando wenyewe. Ule wa siki uliokomaa ukiuinua kwa mwiko safi huja mzima, laini, unavutika kidogo kabla ya kuchanika, na ukiubana unachuruzika. Takriban asilimia 98 ya uzito wake ni maji. Kinachobaki zaidi ni selulosi, kitu kilekile kilichomo kwenye pamba, kama Mwingereza Adrian Brown alivyoonyesha mwaka 1886. Kila bakteria hutoa nyuzi zake kupitia matundu yaliyopangika ubavuni, nyuzi nyembamba kuliko unywele wa mtu kwa takriban mara 1,000, nazo hufumana kama ukindu kwenye mkeka. Ndiyo maana kitu ambacho karibu chote ni maji kinaweza kuinuliwa bila kumeguka. Wafilipino huukuza utando wa aina hiyohiyo kwenye maji ya nazi, wakaukata vipande na kuula kama kitamutamu kiitwacho nata de coco, tena wanauuza nchi za nje. Sisi wenye minazi kuanzia Kilwa hadi Mikindani tunauita uchafu.

Utando wa hamira ni kitu kingine. Huo ni mkavu, una makunyanzi, na ukiuinua unavunjikavunjika. Ukungu nao una manyoya na mara nyingi rangi ya kijani au nyeusi. Hivi viwili sina la kuvitetea, na chombo chenye ukungu kimwagwe chote. Ila tofauti hizi zinajulikana kwa kugusa na kuinua, na anayehukumu kwa kuchungulia mlangoni ataviona vyote vitatu kuwa kimoja.

Hata hivyo, uimara si sababu yangu kubwa ya kuutetea utando. Sababu kubwa ni hewa. Juisi ya mabibo huwa na sukari ya takriban asilimia 10, na ikichacha ikawa uraka inaweza kuwa na kileo cha gramu zinazokaribia 50 kwa lita. Kuzigeuza gramu 50 kuwa asidi ya siki kunahitaji gramu kama 35 za oksijeni. Maji yenye joto la nyuzi 30 hushika oksijeni isiyozidi miligramu 8 kwa lita. Piga hesabu: lita moja ya uraka ingebidi ijazwe oksijeni, iimalize, ijazwe tena, zaidi ya mara 4,000, ndipo siki iive. Isitoshe, oksijeni husambaa ndani ya maji tuli polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Bakteria aliyezama kwenye kina cha kiganja anasubiri kitu ambacho hakitamfikia kwa kiasi cha kumtosha.

Naisisitiza hiyo 4,000 kwa sababu watu wakiielewa, mengi yanayowasumbua yanafunguka. Dumu lenye mdomo mwembamba hukaa muda mrefu na kutoa siki dhaifu, wakati beseni pana lenye uraka uleule linawahi. Kutikisa chombo "ili kichanganyike" kunauzamisha utando, bakteria walionaswa humo wanakosa kazi, na wengine wanalazimika kufuma mwingine juu kwa kutumia sehemu ya chakula ambacho kingekuwa siki. Kule Orléans, Ufaransa, watengenezaji wa zamani walimimina divai mpya kwa mrija uliofika chini ya utando, ili uso wa juu usivunjike. Walijua kinachofanya kazi kiko wapi. Bila kitu cha kuwashikilia, bakteria wengi wangekuwa ndani ya maji. Utando unawaweka palepale maji yanapokutana na hewa, usiku na mchana, bila pampu.

Kiwanda hulitatua jambo hilohilo kwa kusukuma hewa ndani ya tangi, na siki huiva kwa siku moja au mbili badala ya wiki kadhaa. Ubora hulingana toka tangi hadi tangi, na hilo ni faida kubwa kwa anayetaka soko la mbali. Lakini bakteria wa tangi wanaishi kwa hisani ya umeme: asidi ikishapanda, hewa ikikatika hata kwa muda mfupi sana wengi wao hufa. Kwa mtu wa Liwale anayejua umeme unavyokatika, hilo si jambo dogo. Njia ya kati ipo tangu 1823 huko Ujerumani, ya kuchuruzisha kileo juu ya maranda ya mbao ambayo bakteria wameyashika. Magunzi ya mahindi yanaweza kushika nafasi ya maranda. Ila humo utando mnene ni adui, maana unajaza mianya ya kupitisha hewa, na hapo nakubaliana na wenye viwanda kabisa.

Kwa sasa, hata hivyo, tuna mabibo kuliko matangi. Bibo lina uzito wa mara 5 hadi 9 wa korosho yake. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho, maana yake mabibo yalipita tani milioni 1.5, na mengi yao huozea chini ya mikorosho. Beseni na kitambaa cha kufunikia vinaweza kufika kijiji ambacho tangi halitafika leo wala kesho.

Usafi basi uwekwe mahali pake. Mabibo yaoshwe vizuri, kwa sababu salfa iliyopulizwa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ikibaki juu yake hamira huigeuza kuwa harufu ya mayai viza. Dumu lililokwaruzika ndani liachwe, na sufuria ya alumini isitumike, asidi inaila. Kipande cha utando cha kuanzishia kihifadhiwe ndani ya siki kali, kimefunikwa, kwa kuwa kikikauka kabisa hakirudii hali yake hata ukikiloweka. Na siki ya kuuza ichujwe, utando ubaki nyumbani.

Ukaguzi nao upime asidi. Marekani, kwa mfano, hutaka siki iwe na angalau gramu 4 za asidi katika mililita 100. Kinachohitajika kupima ni bureti (mrija wenye vipimo), sodiamu haidroksaidi ya kiwango kinachojulikana na matone ya finolftalini, kimiminika kinachobadili rangi asidi ikiisha, vitu vya maabara ya sekondari. Mwalimu wa kemia wa kata anaweza kupima sampuli za kikundi kizima kabla bwana afya hajaamua beseni lipi limwagwe.