Nilimwambia bosi nusu saa tu

Bosi aliniita saa nne asubuhi, seva ya mteja inahamia FreeBSD, mfumo endeshi mwingine unaofanana na Linux, na ile programu yetu ya kupokea meseji tuliyoiandika kwenye Linux inabidi ihame nayo, itachukua muda gani? Nikamjibu nusu saa bosi, si kukompaili tu, yaani kuigeuza kodi kuwa programu. FreeBSD yenyewe sijawahi kuigusa, ila nilikuwa nimetoka kupiga supu na chapati mbili najiona mwamba.

Nikaandika make, amri ya kuijenga programu kwa kufuata maelekezo ya faili linaloitwa Makefile. Ikajibu "Need an operator", mstari wa 12, wa 14, wa 16. Sawa, unataka opereta, nitakupa opereta! Nikawa nachomeka alama za = kila inapolalamika, ikikataa nafuta mstari, hadi saa saba Makefile imebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Ndio jamaa wa meza ya pili akapita na kikombe chake cha chai, akachungulia sekunde mbili, "Kaka, make ya huko sio ya GNU, andika gmake." Akaendelea na safari yake. Kumbe Makefile yetu iliandikwa kwa lahaja ya make ya GNU, ile ya Linux, na huko inaitwa gmake.

Haya, nikarudisha Makefile ya zamani, gmake, vitu vinatiririka. Ikaja malloc.h, heda, yaani faili la kutambulisha kazi ambazo programu itaziita. Hii siisingizii, eror yake ina adabu, inakwambia kabisa nafasi yake imechukuliwa na stdlib.h. Ila nani abadilishe faili moja moja, nikapiga sed -i, amri ya kubadilisha maneno ndani ya mafaili kwa mkupuo, kama nilivyozoea. "undefined label 'uffer.c'". Uffer ndio nani? Nikamsaka kwenye kodi nzima, nikamsaka mpaka kwenye git, kumbukumbu ya matoleo ya zamani ya kodi, hayupo. Kumbe sed ya huku baada ya -i lazima uipe kiambishi cha faili la akiba hata kama ni tupu, sasa yenyewe ikameza maagizo yangu ikidhani ndio kiambishi, halafu faili la kwanza kwenye foleni, buffer.c, ikalisoma kama amri: b, ruka uende kwenye lebo ya uffer.c. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Halafu sys/epoll.h haipo. Na haiwezi kuwepo, epoll, njia ya programu kujua ni muunganisho gani umeleta data, ni mali ya kerneli (kiini) ya Linux, FreeBSD wana kqueue yao kwa kazi hiyo. Mimi badala ya kusoma hilo nikaikopi heda kutoka leptopu yangu! Ikamwita bits/epoll.h, nikamleta, naye akaja na madai yake, yaani umealika mtu mmoja pilau anakuja na ukoo na watoto wa jirani. Saa kumi na moja eror zote kimya, nikanyanyua mikono juu ofisi nzima ikanigeukia, linka, ile inayounganisha vipande kuwa programu moja, ikasema undefined symbol: epoll_create1. Nimeiba menyu, mpishi kabaki Linux.

Kilichoniokoa ni libepoll-shim, maktaba inayoifanya kqueue iitikie jina la epoll. Zile heda za wizi nikazifuta kimyakimya.

Saa moja usiku bosi kasimama nyuma yangu. Nikaandika ./anza.sh, skripti ya kuiwasha programu. "not found". Nikapiga ls kuorodhesha mafaili, ipo. Nikarudia, not found. Bosi akavua miwani, akaweka kidole kwenye skrini.

"Si hii hapa?"

"Ndiyo bosi."

"Na inasema haipo."

"Ndiyo bosi."

"Nusu saa, eeh?"

Kisichokuwepo kilikuwa /bin/bash, programu ambayo mstari wa kwanza wa anza.sh unaiita iisome skripti, huko bash inakaa /usr/local/bin, ila hilo lilinijia nikiwa nimening'inia kwenye daladala, uso kwenye kwapa la mtu.